Mtoto wa mgongoni ana hali yake ya hewa: siku moja ya matembezi milimani Uswisi

"Shikamoo daktari. Mwezi wa saba mimi na mume wangu tunakwenda Uswisi na watoto wetu wawili. Wa kwanza ana miaka mitano, wa pili ana miezi 14 na uzito wa kilo 10. Tutalala Grindelwald siku nne, na moja tumeitenga kwa ajili ya milima: asubuhi tupande treni hadi Jungfraujoch watoto waone theluji, mchana tushuke tutembee kwa miguu kutoka Männlichen hadi Kleine Scheidegg, mdogo tukimbeba kwenye kibebeo cha mgongoni tutakachokodi hukohuko. Mama mkwe amesikia na amekataa katakata. Anasema kule juu hakuna oksijeni na mtoto mchanga anaweza kufia usingizini. Rafiki yetu naye ametushauri tumpe mdogo dawa ya mafua ile inayoleta usingizi, asitusumbue njiani. Mkubwa ana lake: akitembea dakika ishirini tu anasema miguu imechoka, anataka kubebwa. Tuache kabisa? Na je, tumnunulie buti?"

Marahaba, mama. Msiache. Ila mpango wenu umebeba siku mbili ndani ya siku moja, na kati ya hizo mbili kuna moja ambayo mimi nisingempeleka huyo mdogo. Mama mkwe wako hajakosea kuogopa. Ameogopa kitu chenyewe mahali ambapo si pake. Anaogopa hewa. Mimi, kwa mtoto wa miezi 14 anayebebwa mchana kutwa mlimani, naogopa zaidi baridi, ukimya wake, na saa ya mkononi. Lakini tuanze na hewa, maana ndiyo iliyozua ugomvi nyumbani.

Kule juu oksijeni ipo. Ni asilimia 21 ya hewa ufukweni, na ni asilimia 21 kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, yaani uzito wa hewa iliyo juu yetu unaoisukuma oksijeni kutoka mapafuni kuingia kwenye damu. Kadiri unavyopanda, hewa iliyobaki juu yako ni kidogo, na msukumo unalegea. Männlichen iko mita 2,225 juu ya usawa wa bahari, na msukumo pale ni zaidi kidogo ya robo tatu ya ule wa ufukweni. Jungfraujoch, kwenye mita 3,454, umebaki takriban theluthi mbili.

Hapa kuna jambo ambalo unaweza kumweleza mama mkwe kwa upole. Ndege itakayowapeleka Ulaya haijazwi hewa ya ufukweni. Ikiwa angani, hewa ya ndani huachwa ishuke hadi ifanane na ya mlima wa kati ya mita 1,800 na 2,400 hivi. Kwa hiyo mjukuu wake atakuwa ameshakaa usiku mzima kwenye "kimo" kinachokaribia cha Männlichen, amelala na kunyonya, kabla hamjafika Uswisi. Mtoto mwenye afya hulimudu hilo kwa kuongeza kidogo kasi ya kupumua na mapigo ya moyo.

Juu ya mita 2,500 hadithi inaanza kubadilika. Huko ndiko ugonjwa wa mwinuko unakoanza kuwapata watu: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, usingizi mbovu. Mara nyingi hauji papo hapo; huja baada ya saa kadhaa, kwa kawaida kati ya 6 na 12. Ndiyo maana sisi madaktari tunajali zaidi mtu atalala wapi kuliko amefika wapi. Mtakuwa mnalala Grindelwald, mita 1,034. Hapo usingizi hauna hatari hiyo anayoisema bibi.

Sasa Jungfraujoch. Kituo kile kimekuwa kikipokea abiria tangu 1912, na kila siku ya kiangazi utaona watu wanapanda na watoto wachanga na kushuka nao salama. Sitakudanganya kwamba ukimpeleka ataugua. Nikikaa na wewe chumbani kwangu, hata hivyo, nitakushauri usimpeleke. Mishipa ya damu ya mapafuni hujibana oksijeni inapopungua, na kwa mtoto wa umri huo hujibana kwa urahisi kuliko kwa mtu mzima. Mafua madogo tu huongeza mzigo huo. Pili, dalili ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko ni kuumwa kichwa, na mtoto wa miezi 14 hawezi kukuambia kichwa kinamuuma. Atalia, atakataa titi, atatapika, nawe hutajua kama ni mwinuko, njaa au jino linaota. Tena yeye atakuwa amepata nini? Theluji haitamkumbuka wala yeye hataikumbuka.

Wa miaka mitano ataikumbuka. Kwa hiyo igeuzeni hivi: mzazi mmoja apande na mkubwa siku nyingine, akae saa moja au mbili, ashuke, mwingine abaki chini na mdogo. Mkiamua kwenda wote hata hivyo, kaeni kwa muda mfupi, msikimbize watoto kwenye ngazi, na mkiona mdogo amebadilika kwa namna yoyote msibishane ni nini. Shukeni. Kushuka ndiyo dawa yenyewe, na huanza kufanya kazi njiani.

Kuna watoto ambao jibu langu kwao si hilo, na hapa nakuomba usome polepole. Kama yeyote kati ya wanao ana ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi wanauita sikoseli, Jungfraujoch ifutwe, na hata Männlichen msiende kabla ya kuonana na daktari anayemtibu. Oksijeni ikipungua, chembe zake za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa. Mlima unaweza kumwanzishia maumivu makali. Kama hamjawahi kuwapima, pimeni kabla ya safari. Ni kipimo cha damu cha kawaida. Mtoto anayebeba tu vinasaba vya selimundu bila kuugua huishi kama wengine, lakini amewahi kutokea mtu wa aina hiyo akapata shida ya bandama akiwa juu sana, kwa hiyo maumivu ya ghafla upande wa kushoto chini ya mbavu yawe sababu ya kushuka na kwenda hospitali. Waliozaliwa kabla ya wakati, wenye tatizo la moyo au mapafu, na wenye Down syndrome nao waonwe na daktari kwanza. Na yeyote mwenye mafua, kikohozi au sikio linalouma wiki hiyo, abaki bondeni.

Masikio ni jambo dogo lenye kelele kubwa. Gari la kebo, lile linaloning'inia kwenye waya, litawapandisha zaidi ya mita 1,200 kutoka Grindelwald hadi Männlichen kwa dakika kama ishirini. Hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio inahitaji kutoka mnapopanda na kuingia mnaposhuka, na mlango wake hufunguka mtu anapomeza. Kuingia ndiko kugumu, kwa hiyo shida huwa kubwa wakati wa kushuka. Mnyonyeshe au mpe maji wakati huo, na kama amelala mwamshe. Mkubwa atafune kitu.

Dawa ya mafua ya kumlaza: hapana. Wala msiipe nafasi ya kuijadili. Dawa hizo zinaweza kupunguza kasi ya kupumua kwa mtoto mdogo, na wewe unampeleka mahali ambapo kupumua kwa kasi zaidi ndiyo njia yake ya kujisaidia. Zaidi ya hapo, kilio chake ndicho kengele pekee mliyo nayo. Mkikizima mtajuaje kwamba amepoa?

Na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Wewe umezoea mbeleko, bila shaka. Mtoto kwenye mbeleko amegandana na mgongo wako. Jasho lako ni lake, joto lako ni lake, na akihema unamsikia. Kibebeo mtakachokodi huko ni kitu kingine kabisa. Ni kiti chenye fremu ya chuma. Mtoto hakugusi. Ananing'inia sentimita kadhaa nyuma yako, kichwa chake mara nyingi kikiwa juu kuliko chako, upepo ukimpiga kutoka pande zote. Wewe unapanda, misuli inafanya kazi, unatoa jasho, unavua koti. Yeye amekaa tu, hatengenezi joto la kutembea. Tena mwili mdogo una ngozi nyingi ukiulinganisha na uzito wake, kwa hiyo joto humtoka haraka kuliko wewe. Mko mahali pamoja, saa ileile, lakini hali ya hewa aliyo nayo yeye siyo uliyo nayo wewe.

Nililijua hili kwa kosa langu mwenyewe. Nilimbeba binti yangu hivyo mlimani, mimi nimebaki na fulana iliyolowa jasho, najisifu moyoni kwamba ametulia mtoto wa watu, hata halii. Nilipomshusha nimpe maji, miguu yake ilikuwa baridi kama samaki wa barafuni. Alikuwa hakutulia. Alikuwa amepoa, na mtoto aliyepoa sana huacha kulia. Daktari wa watoto, mama, na bado sikuona.

Kwa hiyo mvalisheni kwa hali yake, si kwa yenu. Joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5 kila mnapopanda mita 1,000. Grindelwald ikiwa na nyuzi 22, Männlichen tarajia 14 hivi, na upepo ukivuma mtoto atahisi kama ni chini ya hapo. Jungfraujoch huwa karibu na sifuri hata Julai. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, maana pamba ikilowa hukaa na maji na kumpoza. Sufu nyembamba au kitambaa cha michezo kinachokauka haraka ni bora. Juu yake sweta, kisha koti lisilopitisha upepo wala mvua. Kofia inayofunika masikio, soksi za sufu, glavu za mfuko mmoja. Viatu vyake visibane. Beba suruali ya akiba, kwa kuwa nepi ikivuja mlimani mambo hayasubiri.

Mikanda ya kibebeo nayo ina lake. Mtoto akining'inia kwa msamba, mkanda hukandamiza mapaja na damu haishuki vizuri miguuni, na miguu isiyopata damu ndiyo ya kwanza kupoa. Kiti kizuri huwa kipana, mapaja yakiegemea hadi karibu na goti, magoti yakiwa juu kidogo kuliko makalio, na nyayo zikikanyaga vikanyagio. Yaani akae kama anavyokaa kwenye mbeleko iliyofungwa vizuri; bibi zetu walilijua hilo bila kuambiwa na mtu wa duka.

Kila baada ya dakika 45 mshusheni. Hata kama amelala, hata kama mkubwa ndiyo kwanza amepata mwendo. Ingiza mkono kwenye shingo kwa nyuma au kifuani: pakiwa na joto, yuko sawa. Viganja vikiwa baridi peke yake si kipimo. Mtandikieni blanketi mbali na ukingo wa njia, atambae, asimame, ale. Mume wako awe nyuma ya aliyembeba, kwa sababu anayebeba haoni uso. Kazi yake ni kumsemesha na kuangalia anajibu vipi. Na jua likiwa kali, msifunike kibebeo kwa kanga wala kwa plastiki ya mvua. Ndani hugeuka tanuri.

Kuhusu kubeba kwenyewe: kilo 10 za mtoto, kilo tatu hivi za kibebeo, maji na nguo, unakaribia kilo 16, na uzito huo umekaa juu. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu, mtoto anaweza kupitia juu ya kichwa chako. Chuchumaa, usiiname. Usiweke kibebeo juu ya jiwe au benchi mtoto akiwa ndani, hata kwa sekunde ya kupiga picha. Na jaribuni kibebeo jioni ya siku iliyotangulia kwa nusu saa ya kuzunguka mjini, siyo asubuhi ile mkiwa kituoni.

Njia mliyochagua ina fursa ambayo labda hamjaiona. Ni pana na tambarare kwa sehemu kubwa, kiasi kwamba wapo wanaosukuma kigari cha mtoto chenye magurudumu makubwa na breki imara. Mkipata kigari cha namna hiyo, mdogo atakaa humo, amefunikwa vizuri, na migongo yenu itabaki huru kwa ajili ya yule anayesema miguu imechoka. Mimi ningelifikiria hilo kwanza. Kibaya chake ni kwamba hakiwezi kuachwa peke yake kwenye mteremko hata kidogo: kamba ya mkononi ivaliwe muda wote.

Jua msilidharau, na hapa kuna imani moja niiguse. Wengi wetu tunaamini ngozi nyeusi haiungui. Inachelewa kuungua, ndiyo, lakini inaungua, na macho hayana rangi ya kuyalinda. Miale ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo usoni. Krimu ya kukinga jua puani, masikioni na shingoni kwa wote wanne. Kofia yenye ukingo. Na kwa mkubwa siku ya Jungfraujoch, miwani ya jua yenye kinga ya kweli, isiwe ya kuchezea.

Tuje kwa mkubwa na miguu yake. Mtoto wa miaka mitano hatembei kama mtu mzima mfupi. Anakimbia, anasimama, anachuchumaa kumtazama mdudu, anakimbia tena. Akiambiwa aende kwa mwendo mmoja kama askari wa gwaride, anachoka, kwa sababu mbili: hatua zake fupi humgharimu nguvu nyingi kwa kila kilo ya mwili wake kuliko zako, na akiba yake ya sukari misulini na kwenye ini ni ndogo, inaisha mapema. Nimegundua kwamba "miguu imechoka" ina tafsiri tatu: nina njaa, sina la kufanya, na kweli nimechoka. Jaribu kwa mpangilio huo. Mpe kitu cha kula, kidogo tu, kisha mpe kazi. Awe kiongozi wa msafara, atafute alama za njia, ahesabu kengele za ng'ombe. Baada ya dakika kumi akisema tena, mwamini, mbebe.

Na msisubiri aseme. Ndizi, mkate, jibini, tende, chochote anachokipenda, kidogo kidogo kila nusu saa au dakika 40. Anayekula kabla ya njaa hutembea. Aliyekwisha kuwa na njaa hukasirika kwanza, kisha hukataa kula, na hapo mmeshapoteza saa nzima.

Kituoni Männlichen kuna uwanja wa kuchezea watoto. Nusu saa pale sawa. Saa mbili, atakuwa ameimaliza miguu yake kwenye bembea na njia bado haijaanza.

Tembeeni kutoka Männlichen kwenda Kleine Scheidegg, kama mlivyopanga, wala msigeuze. Männlichen ni mita 2,225 na Kleine Scheidegg 2,061, kwa hiyo njia inashuka polepole karibu yote, ukuta wa mlima Eiger ukiwa mbele yenu. Ni kilomita nne na nusu hivi. Vibao vya njano vya njia za Uswisi huandika muda badala ya umbali, na huo muda umewaponza wageni wengi: umekokotolewa kwa mtu mzima anayetembea kilomita 4.2 kwa saa kwenye tambarare, bila dakika moja ya kupumzika. Kibao kikisema saa moja na dakika 20, ninyi hesabuni saa tatu. Angalieni pia rangi. Njano tupu ni njia ya kawaida, na ndiyo yenu. Nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani, yenye miteremko mikali na sehemu nyembamba. Si ya siku hii. Nyeupe-bluu-nyeupe hata wewe peke yako usiiguse bila uzoefu.

Ugumu wa njia hii ni mmoja: katikati hakuna pa kutokea. Ukishatembea nusu, mbele na nyuma ni sawa. Kwa hiyo mkifika kama dakika 40 mkaona mdogo hayuko sawa au mawingu yanajikusanya, rudini bila kuona haya. Asubuhi, kabla ya kupanda, ulizeni gari la kebo la mwisho linashuka saa ngapi na treni ya mwisho ya kutoka Kleine Scheidegg ni ya saa ngapi, mziandike mkononi kabisa. Kisha msizipange kama saa zenu za kurudi. Milima ile hupika radi mchana wa kiangazi. Jua la asubuhi hupasha ardhi, hewa yenye unyevu hupanda, na baada ya saa nane mawingu meupe hugeuka meusi kwa haraka ya ajabu. Njia yenu iko wazi, haina pa kujificha. Muwe mmeanza saa tatu asubuhi na mmefika Kleine Scheidegg kabla ya saa saba mchana. Utabiri wa MeteoSwiss, idara ya hali ya hewa ya Uswisi, uko kwenye programu ya simu, nao huonya kuhusu radi. Ukikataza, nendeni kesho yake. Mna siku nne.

Ng'ombe mtakutana nao, na watoto watataka kuwashika. Ng'ombe mwenye ndama si wa kuchezea: pitieni mbali, msiwaingilie kati yeye na ndama wake, mkubwa ashikwe mkono. Malango ya waya mkiyafungua myafunge, na waya mwembamba unaopita kando ya njia huenda una umeme.

Kupe ni wengi zaidi chini kuliko huko juu, kwenye majani marefu na kingo za misitu karibu na mtakapolala. Jioni mkiwaogesha, tazameni nyuma ya masikio, kwenye nywele, makwapani na kinenani. Mkimkuta, mshikeni kwa kibano karibu kabisa na ngozi mumvute moja kwa moja. Msimpake mafuta wala kumchoma. Baadhi yao hubeba vijidudu vinavyoleta alama ya duara inayopanuka siku au wiki kadhaa baadaye. Picha nyingi huonyesha duara jekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi laweza kuonekana kama baka la zambarau au kahawia, kama pameumia. Likionekana mkiwa mmesharudi, mwambieni daktari mlikuwa Uswisi na kulikuwa na kupe. Na kinyume chake: mkiwa huko mtoto akapata homa, nanyi mmetoka eneo lenye malaria, semeni hivyo mlangoni na muombe apimwe siku hiyohiyo. Daktari wa kule anaweza asiiwaze.

Sasa lini muombe msaada palepale. Mtoto anayepumua kwa kasi akiwa ametulia, pua zikipanuka au mbavu zikiingia ndani, anayekataa kunyonya na anayetapika mfululizo, aliyelegea au asiyeamka vizuri, aliyepata degedege, mwenye ulimi wa bluu au kijivu. Kwa ngozi yetu usitazame midomo kwa nje, tazama ulimi na fizi. Hapo anzeni kushuka huku mmoja akipiga simu: 144 ni gari la wagonjwa, 1414 ni Rega, kikosi cha helikopta cha uokoaji milimani, na 112 hufanya kazi kote Ulaya. Helikopta ikija, simama umeinua mikono yote miwili juu, umbo la herufi Y. Maana yake "ndiyo, tunahitaji msaada". Ukipunga mkono mmoja tu, rubani anaweza kuelewa kinyume.

Hapo kwenye helikopta, fungueni karatasi za bima kabla ya kuondoka. Bima ya viza ya Schengen inatakiwa ifike walau euro 30,000, na watu wakishaona tarakimu hiyo hufunga faili. Lakini bima nyingine zina mstari mdogo unaotoa nje uokoaji wa milimani au shughuli juu ya kimo fulani. Mwandikieni wakala wenu swali hilo moja, na jibu lake mlipate kwa maandishi.

Nimebakiza buti. Kwa njia hii, mkubwa hahitaji. Raba zake za kila siku, zenye soli yenye meno na ambazo mguu umeshazizoea, zinatosha; buti mpya siku ya kwanza ni malengelenge saa ya kwanza. Mbebee soksi jozi mbili za akiba, kwa sababu akikuta dimbwi ataingia.